Sayansi Kwenye Kiganja: Maswali Kuhusu Picha na Rangi

Wasomaji wanaoandaa taarifa za afya, kilimo na mazingira kwa mitandao ya kijamii wameuliza. Msanifu wetu wa michoro ya kisayansi anajibu.

Nina grafu nzuri ya utafiti wetu. Mbona nikiiweka mtandaoni watu wanaipita tu?

Grafu hiyo ilichorwa kwa msomaji aliyeketi mezani na ripoti mkononi. Wa mtandaoni yuko ndani ya daladala, simu kaishika kwa mkono mmoja, kidole gumba hakitulii. Mistari sita yenye maelezo ya herufi za sisimizi ataisoma saa ngapi? Mteja akiniletea kazi namuuliza: mtu akikumbuka jambo moja tu kesho, liwe lipi? Akinitajia matatu, basi ni picha tatu.

Mfano ninaoupenda ni wa Ed Hawkins, mwanasayansi wa tabianchi wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Mwaka 2018 aligeuza wastani wa joto la kila mwaka kuwa mstari mmoja wa rangi: bluu kwa mwaka wa baridi, nyekundu kwa mwaka wa joto, mistari ikapangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Hakuna tarakimu wala neno. Hata mtoto ataona jinsi wekundu unavyojaa upande wa kulia. Mistari hiyo imefika kwenye skafu, kwenye tai, hata kwenye mikono ya jezi za klabu ya Reading msimu wa 2022/23. Ina upungufu wake, nakiri: haikwambii joto limepanda kwa nyuzi ngapi. Lakini inakufanya uulize, na hapo ndipo grafu yako ya mistari sita inapopata kazi.

Picha ya kirusi cha korona ilikuwa mpira wa kijivu wenye miiba myekundu. Ndivyo kilivyo kweli?

Umbo, takribani ndiyo. Rangi, hapana. Kirusi kile kina upana wa karibu nanomita 100, ilhali mawimbi ya mwanga tunaouona huanzia karibu nanomita 400. Kitu kidogo kiasi hicho hakina rangi ya kuonwa kwa jicho. Picha ile ni kazi ya Alissa Eckert na Dan Higgins wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, mwanzoni mwa 2020, na wekundu ni chaguo la wachoraji. Kuchagua rangi si kudanganya. Ila sema, kwa maneno matatu tu pembeni: "rangi za kuchora".

Kuna rangi za kuepuka?

Usishindanishe nyekundu na kijani. Wapo watu, wengi wao wanaume, wasiozitofautisha. Bluu na chungwa ni salama zaidi. Kabla ya kutuma, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu yako. Mistari miwili ikifanana, badilisha.

Maelezo niyaandike ndani ya picha au chini yake?

Yale ya lazima, ndani. Picha nzuri haikai ulipoiweka. Mtu ataihifadhi, ataituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na maelezo uliyoandika chini yatabaki nyuma. Bibi zetu walilijua hili. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina limechapwa kwenye kitambaa chenyewe. Popote khanga iendapo, ujumbe upo. Picha yako nayo ibebe jina lake: dai lenyewe, tarehe na chanzo cha takwimu. Na herufi ziwe kubwa, kwa sababu picha inayotumwa mara kwa mara hubanwa hadi maandishi madogo yanakuwa ukungu.

Picha inaweza kudanganya bila takwimu kuwa za uongo?

Sana. Chukua mfano wa kubuni: wilaya moja imechanja watoto asilimia 92, jirani yake 95. Chora nguzo mbili, lakini anza kuhesabu kwenye 90 badala ya sifuri. Nguzo ya pili itakuwa ndefu mara mbili na nusu ya ya kwanza! Takwimu hazijaguswa, ila wilaya ya kwanza imeshaaibishwa. Nguzo zianze sifuri daima. Grafu ya mstari, kama ya joto la mwili, haina sharti hilo, kwani huko tunafuata mwenendo, hatulinganishi urefu.

Ni mchoro gani uliowahi kubadili mazungumzo ya watu?

Machi 2020, mtaalamu wa vijidudu Siouxsie Wiles na mchoraji Toby Morris, wote wa New Zealand, walitoa mchoro unaotembea: mtu asiyejali na mlima mkali wa wagonjwa wa korona, kisha mtu anayejihadhari na kilima cha chini, kikibaki chini ya mstari wa uwezo wa hospitali. Mtazamaji alijiona ndani yake. Jambo lisilosifiwa vya kutosha ni leseni: waliuachia huru, na watu wakautafsiri kwa lugha zao.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye maabara na ofisi za utafiti: mkichapisha mchoro, wekeni na faili lake lisilo na maandishi. Aliyeko Kigoma au Bukavu atajaza maneno mwenyewe.