SOMO: MKUU AKIBADILIKA, WALIO CHINI NAO WASAHIHISHWE



Daftari la wanachama ni mali ya chama. Jina likiandikwa mahali pasipo pake, mwenye jina huachwa nje siku ya kura ya tawi. Leo tujifunze kusahihisha daftari lililomo kwenye kompyuta.

Hapa Sudan Kusini jimbo lina kaunti, kaunti ina payam, na payam ina boma. Mwaka 2015 majimbo 10 yalifanywa 28, na mwaka 2017 yakawa 32. Juba ikawa katika Jimbo la Jubek. Februari 2020 nchi ilirudi kwenye majimbo 10 na maeneo 3 ya utawala, na Juba ikarudi Equatoria ya Kati.

Tuseme jedwali letu linaitwa eneo. Kila mstari una namba, jina, jimbo na mkuu, yaani namba ya mstari ulio juu yake. Katibu amesahihisha jimbo na mkuu wa Kaunti ya Juba. Lakini Rejaf, payam ya kaunti hiyo, bado imeandikwa Jubek, na boma zake vilevile.

Kuandika upya mstari mmoja mmoja kwa mkono huzaa makosa. Katika lugha ya SQL tunaliita jedwali hilo hilo kwa majina mawili, mtoto na mzazi, kama nakala mbili za daftari moja mezani: unasoma hii, unaandika ile. Katika PostgreSQL amri ni hii:

UPDATE eneo AS mtoto
SET jimbo = mzazi.jimbo
FROM eneo AS mzazi
WHERE mtoto.mkuu = mzazi.namba
AND mtoto.jimbo <> mzazi.jimbo;

Maana yake: kila mtoto ambaye jimbo lake si la mzazi wake, apewe jimbo la mzazi.

Shikeni mambo matatu:

1. Wekeni nakala ya daftari kabla ya kuanza.

2. Hakikisheni safu ya mkuu. Kama katibu angesahau kuibadilisha, amri ingeirudisha kaunti Jubek.

3. Amri hushuka ngazi moja kila mara: kwanza payam, kisha boma. Irudieni mpaka kompyuta ijibu kuwa mistari iliyobadilika ni 0.

Swali la kujadili tawini: katibu akiendesha amri mara moja tu, ni wanachama gani watakaobaki Jubek, jimbo lisilokuwepo tena?