Uraia na Pampu ya Kijiji

Katika shule moja ya sekondari ya kata, huko shambani Tanzania, mwalimu aliwauliza wanafunzi wake, "Uraia ni nini?" Wa kwanza akajibu, "Ni kuijua bendera na ngao ya taifa." Wa pili akasema, "Ni kupiga kura mtu atimizapo miaka 18." Wa tatu akasema, "Ni somo la mtihani." Walijibu kama walivyosoma kitabuni, lakini hapana hata mmoja aliyekitaja kijiji chake.

Basi mwalimu akawaeleza ya kuwa, kwa sheria ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo huchagua halmashauri ya watu wasiopungua 15 wala kuzidi 25, nayo hupaswa kuwatolea wakazi hesabu ya mapato na matumizi.

Kijana mmoja wa miaka 16 aliposikia hayo aliikumbuka pampu ya maji ya kwao. Ilikuwa imeharibika miezi mitatu, na mama yake alikwenda mtoni kila siku kabla ya mapambazuko. Watu walinong'ona ya kuwa fedha za pampu zimeliwa, wala hapana aliyethubutu kuuliza. Jioni akamwambia baba yake, "Baba, mimi sijatimiza umri wa kuwa mjumbe, lakini wewe waweza kuuliza hesabu. Ni haki yako." Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nitauliza, mwanangu."

Siku ya mkutano akauliza kwa adabu. Mwenyekiti akaleta daftari, likasomwa mbele ya watu wote. Ikaonekana ya kuwa fedha hazikuibwa, bali nyumba nyingi hazikutoa mchango, na jina la baba huyo lilikuwamo. Aliona haya sana, lakini hakuondoka. Alilipa papo hapo, na wengine wakamfuata. Kisha fundi akaitwa, na maji yakatoka.

Kijana alipoulizwa tena shuleni maana ya uraia, akajibu, "Ni kuuliza hesabu ya mali ya wote, na kutoa fungu lako."

Maswali:
1. Nani ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji?
2. Kwa nini baba aliona haya?
3. Katika kijiji chenu, ni mali gani iliyo ya watu wote, na nani huitunza?