Kasaji hadi Kolwezi na watoto: treni au lori?

Reli ya Tenke–Dilolo ilikamilika mwaka 1931, na treni ya SNCC, shirika la reli la Kongo, haijawahi kuwa na haraka. Hata hivyo, ukiwa na watoto, siku treni ya abiria ikiwepo panda hiyo: mtoto anasimama, ananyoosha miguu, analala juu ya mizigo. Muulize mkuu wa kituo mwenyewe. Habari za sokoni zimelaza wengi stesheni. Lori? Kiangazi ni vumbi jekundu hadi masikioni. Masika, mnashuka kusukuma. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi, bebeni blanketi. Kwa chakula cha njiani, bukari (ugali) ikilala inakuwa jiwe. Fungeni mihogo ya kuchemsha, karanga, na bidoni la maji lenye kifuniko kinachokaza.