SOMO LA WIKI: Wateja wengi, hisa chini. Tujifunze nini kwa kampuni ya Disney?

Tarehe 9 Novemba 2022, katika soko la hisa la New York, lilitokea jambo lililowashangaza wawekezaji wengi wadogo. Kampuni ya Walt Disney ilikuwa imetangaza kwamba huduma yake ya kuonyesha filamu kwa njia ya intaneti, Disney+, imepata wateja wapya zaidi ya milioni 12 katika miezi mitatu tu, na kufikisha jumla ya wateja milioni 164. Kwa mfanyabiashara wa kawaida hiyo ni habari njema. Lakini siku hiyo hisa za Disney zilianguka kwa asilimia 13, na haukupita muda Mkurugenzi Mkuu wake, Bob Chapek, akaondolewa.

Inakuwaje duka lijae wateja halafu thamani ya duka ishuke? Hilo ndilo swali la somo letu wiki hii. Jibu lake linamhusu kila msomaji mwenye hisa, hata kama hajawahi kutazama filamu moja ya Disney.

BIASHARA YA ZAMANI

Tuanze na namna studio kubwa za Marekani zilivyokuwa zikipata fedha. Filamu moja iliuzwa mara nyingi. Kwanza ilikwenda kwenye majumba ya sinema. Baada ya miezi kadhaa ikatolewa kwa kanda za video, na baadaye kwa DVD. Kisha vituo vya televisheni vya kulipia vikanunua haki ya kuionyesha, na mwisho vituo vya bure. Kila hatua ilikuwa na mnunuzi wake, na kila mnunuzi alilipa upya kwa bidhaa ile ile.

Aidha, Disney ilikuwa na chanzo kingine kikubwa cha fedha, yaani vituo vya televisheni ya waya, hasa kituo cha michezo cha ESPN. Katika mtindo huo familia ya Kimarekani ililipia kifurushi kizima cha vituo, na sehemu ya malipo hayo ilimfikia mwenye ESPN hata kama nyumba hiyo haitazami michezo. Kwa kilele chake ESPN ilikuwa katika nyumba zipatazo milioni 100.

Kwa lugha ya Kariakoo, Disney ilikuwa mwenye kiwanda anayeuza kwa jumla. Analipwa na wenye maduka, kisha anarudi kiwandani. Kodi ya fremu, mishahara ya wauzaji na mteja anayehama duka ni matatizo ya mwenye duka.

MWENYE DUKA ANAPOJENGA KIWANDA

Netflix ilianzishwa mwaka 1997 ikiwa kampuni ya kukodisha DVD kwa njia ya posta. Mwaka 2007 ikaanza kuonyesha filamu kwa intaneti. Studio kubwa hazikuiona kuwa ni hatari. Kinyume chake, ziliiona kuwa ni mnunuzi mpya wa filamu zilizokwisha pita sokoni, na zikaiuzia haki za kuonyesha. Disney yenyewe iliingia mkataba wa namna hiyo na Netflix mwaka 2012.

Lakini mwaka 2013 Netflix ilitoa mchezo wake yenyewe, House of Cards. Mwenye duka alikuwa ameanza kujenga kiwanda, na fedha za kukijengea zilitokana na wateja waliovutwa na bidhaa za wenye viwanda wale wale. Januari 2016 Netflix ikaingia kwa siku moja katika nchi zaidi ya 130, zikiwemo za Afrika Mashariki. Wakati huo huo familia za Marekani zilikuwa zinakata televisheni ya waya. Agosti 2015, pale uongozi wa Disney ulipokiri kwamba ESPN inapoteza wateja, hisa zake zilishuka kwa kishindo.

Agosti 2017 Disney ikaamua. Ilitangaza kwamba haitaendelea kuiuzia Netflix filamu zake mpya, na kwamba itafungua huduma yake yenyewe. Machi 2019 ilikamilisha ununuzi wa sehemu kubwa ya kampuni ya 21st Century Fox kwa dola bilioni 71, ili duka jipya lisikose bidhaa. Tarehe 12 Novemba 2019 Disney+ ikafunguliwa kwa ada ya dola 6.99 kwa mwezi. Siku ya kwanza tu watu milioni 10 walijiandikisha.

HESABU YA DUKA JIPYA

Hapa ndipo mwekezaji anapotakiwa kuchukua kalamu. Mwenye kiwanda anayefungua duka lake hupata gharama za aina tatu kwa pamoja.

Kwanza, anapoteza fedha za jumla. Kila filamu ambayo Disney iliiweka Disney+ badala ya kuiuza kwa wengine ilikuwa ni mapato yaliyoachwa.

Pili, filamu hugharimu kiasi kile kile iwe na watazamaji wachache au wengi. Filamu ya shilingi milioni moja ikitazamwa na wateja 1,000, kila mteja amebeba shilingi 1,000. Ikitazamwa na 10,000, kila mmoja amebeba 100. Ndiyo maana studio zilikimbilia ukubwa na kuungana. Warner iliungana na Discovery mwaka 2022; Amazon iliinunua MGM mwaka huo huo kwa dola bilioni 8.45, na Paramount iliungana na Skydance Agosti 2025.

Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa, mteja mwenyewe hununuliwa. Tuchukue mfano wetu. Kampuni inatumia shilingi 12,000 kwa matangazo na ofa ili kumpata mteja mmoja. Mteja analipa 3,000 kwa mwezi. Gharama za kumhudumia, pamoja na fungu lake la gharama za filamu, ni 2,000. Zinabaki 1,000. Kwa hiyo mteja huyo lazima akae miezi 12 ndipo arudishe gharama ya kumpata. Akiondoka baada ya miezi mitano amerudisha 5,000 tu, na kampuni imepoteza 7,000. Wakija wateja elfu moja wa namna hiyo, gazeti litaandika kwamba kampuni imekua, lakini daftari litaonyesha hasara ya shilingi milioni saba.

Mteja wa intaneti huondoka kwa urahisi kuliko yule wa zamani, kwa kuwa hakuna fundi wa kuja kung'oa waya. Anamaliza mchezo anaoupenda, anabonyeza, basi.

SIKU YA KUFUNGUA DAFTARI

Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko-19 ulifunga viwanja vya burudani vya Disney na majumba ya sinema. Watu wakakaa nyumbani wakitazama filamu. Disney ilikuwa imetabiri kupata wateja kati ya milioni 60 na 90 ifikapo mwaka 2024. Lakini kufikia Agosti 2020 ilikwisha vuka milioni 60. Soko likalewa. Machi 2021 hisa moja ya Disney ilipita dola 200. Wakati huo kila mtu aliuliza swali moja tu: wateja wangapi wameongezeka?

Wachache waliuliza ni wateja wa aina gani. Zaidi ya theluthi moja ya wale milioni 164 walikuwa wateja wa huduma ya Hotstar, wengi wao wakiwa India, ambako wastani wa malipo ulikuwa chini ya dola moja kwa mwezi. Wengi walifuata mashindano ya kriketi. Haki za kuonyesha kriketi hiyo kwa intaneti zilipokwenda kwa kampuni nyingine mwaka 2022, mamilioni yao wakaondoka baadaye.

Basi siku ile ya Novemba 2022, pamoja na idadi ya wateja, ilitangazwa pia hasara ya huduma za intaneti kwa robo mwaka ile: karibu dola bilioni 1.5. Kwa mwaka mzima wa fedha hasara ilifika dola bilioni 4. Ndipo soko lilipoacha kuhesabu vichwa na kuanza kuhesabu fedha. Netflix ilikwisha onja dawa hiyo hiyo Aprili mwaka huo, ilipotangaza kupungukiwa wateja 200,000 na hisa zake kuanguka kwa asilimia 35 kwa siku moja.

Tumfikirie mwekezaji mdogo aliyenunua hisa 100 za Disney Machi 2021 kwa dola 20,000. Oktoba 2023 bei ilikuwa chini ya dola 80, yaani mali yake haikufika dola 8,000. Katika kipindi hicho chote hakupata gawio hata senti moja, kwa kuwa Disney ilisimamisha gawio mwaka 2020 na kulirudisha Januari 2024. Huyu hakununua kampuni mbovu. Alinunua kampuni nzuri kwa kusoma takwimu moja tu.

MAREKEBISHO

Bob Iger, aliyeongoza kampuni hiyo toka mwaka 2005 hadi 2020, alirudishwa Novemba 2022. Februari 2023 alitangaza kupunguza nafasi za kazi 7,000 na gharama za dola bilioni 5.5. Hatua zilizofuata zinafanana na za Netflix na nyinginezo.

Ada zilipandishwa. Disney+ isiyo na matangazo, iliyoanza kwa dola 6.99, ilifika dola 18.99 Oktoba 2025. Kilianzishwa kifurushi cha bei ya chini chenye matangazo ya biashara, kama televisheni ya zamani. Waliotumia neno la siri la jirani walibanwa walipe. Filamu kubwa zikarudishwa kwenye majumba ya sinema kwanza. Moana 2, iliyoanza kutengenezwa ikiwa mchezo wa mfululizo wa Disney+, iligeuzwa kuwa filamu ya sinema na kuingiza zaidi ya dola bilioni moja baada ya kutoka mwishoni mwa 2024.

Katika robo ya Aprili hadi Juni 2024 huduma za Disney za intaneti zilipata faida ya kwanza kwa pamoja, dola milioni 47. Mwaka wa fedha 2025 faida ya huduma za filamu kwa intaneti ilifika dola bilioni 1.3. Hata hivyo msomaji alinganishe: viwanja vya burudani, meli na biashara zinazoambatana navyo viliingiza faida ya uendeshaji ya zaidi ya dola bilioni 9 katika mwaka wa fedha 2024. Duka jipya lililelewa na shamba la zamani kwa miaka mitano. Kampuni isiyo na shamba la namna hiyo ingefunga.

YANAYOMHUSU MSOMAJI WETU

Soko letu lina kampuni nyingi zinazopenda kutangaza idadi: ya laini za simu, ya akaunti mpya, ya mawakala, ya ving'amuzi. Hata hapa jirani, Netflix ilianzisha kifurushi cha bure nchini Kenya mwaka 2021, ikakiondoa Novemba 2023. Mteja asiyelipa ni mgeni tu, siyo mteja bado.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hisa za kampuni inayosifiwa kwa kukua, msomaji ajiulize maswali haya matano:

1. Kila mteja analipa kiasi gani kwa wastani, na kiasi hicho kinapanda au kinashuka?
2. Kampuni inatumia kiasi gani kumpata mteja mmoja, na mteja huyo hukaa muda gani?
3. Ni biashara gani ya zamani inayolipia hasara ya biashara mpya, na hiyo ya zamani ina uhai wa miaka mingapi?
4. Wateja wamefuata bidhaa ya kampuni yenyewe, au wamefuata haki ya kukodi ambayo mkataba wake utakwisha?
5. Kampuni ikiacha ghafla kutangaza takwimu iliyokuwa ikijivunia, kwa nini? Netflix iliacha kutangaza idadi ya wateja kila robo mwaka kuanzia 2025, ikitaka ipimwe kwa mapato na faida. Kwa Netflix yenye faida hilo lina mantiki. Kwa kampuni yenye hasara ingekuwa ishara ya kutahadhari.

Majibu ya maswali haya kwa kawaida yamo ndani ya taarifa ya mwaka, katika kurasa za nyuma zenye herufi ndogo, baada ya picha za wakurugenzi. Mwenye hisa anayo haki ya kuipata taarifa hiyo na kuuliza kwenye mkutano mkuu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze kwamba daftari lisilosomwa na mwenye mali halina tofauti na lisilokuwepo.