SOMO: Maumivu ya Kiungo cha Taya – Je, Virutubisho vya Nyongeza Vinasaidia?



Katika toleo hili tunaangalia jambo linalogusa mfuko wa diakonia wa usharika wowote: ombi la fedha za kununulia virutubisho vya viungo. Kuanzia Tegeta na Bunju hadi Mapinga, Kerege na Bagamoyo mjini, mzee mwenye maumivu ya taya anaweza kuambiwa kwamba kopo moja litazuia kiungo chake kisiendelee kusagika. Kabla kamati haijatoa fedha, ni vema tuelewe mambo yafuatayo.

1. Kiungo cha taya ni kipi?

Weka kidole mbele ya sikio, kisha fungua na ufunge mdomo. Kinachocheza hapo ndicho kiungo cha taya. Ndani yake mna gegedu, tishu laini inayozuia mifupa isisuguane. Gegedu ikilika, mtu husikia maumivu akitafuna, mlio wa kusaga, na taya kukakamaa. Wengi hudhani ni ugonjwa wa sikio.

2. Utafiti unasema nini?

Virutubisho vinavyotajwa zaidi ni glukosamini na kondroitini. Glukosamini nyingi hutengenezwa kutokana na magamba ya kamba na kaa.

Mwaka 2006 yalitolewa Marekani matokeo ya utafiti wa watu 1,583 wenye maumivu ya goti. Kwa jumla, virutubisho hivyo viwili havikupunguza maumivu kuliko kidonge kisicho na dawa. Picha za eksirei za miaka miwili, zilizotolewa mwaka 2008, hazikuonyesha kwamba vilizuia gegedu kulika. Vitamini D nayo ilipimwa kwa wagonjwa wa goti 146 kwa miaka miwili. Matokeo ya mwaka 2013 hayakuonyesha faida.

Kuhusu taya lenyewe, watafiti wa Sweden mwaka 2011 waliwapa wagonjwa 59 ama glukosamini ama kidonge kisicho na dawa kwa wiki sita. Glukosamini haikushinda. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2001 uliona nafuu, lakini haukuwa na kundi la kidonge kisicho na dawa. Hilo ni muhimu, kwa kuwa maumivu ya taya mara nyingi hupungua yenyewe kadiri muda unavyopita, na kopo likapewa sifa isiyo yake.

3. Tahadhari

Glukosamini inaweza kuongeza nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kusababisha kutokwa damu. Mwenye mzio wa kamba au kaa amwulize daktari kwanza. Asiwepo mtu wa kuacha dawa za hospitali kwa sababu ya kopo.

4. Yanayosaidia bila gharama kubwa

- Kula vyakula laini kwa muda: uji, wali, ndizi za kupikwa, samaki wa kuchemsha, papai. Miwa, mahindi ya kuchoma, korosho na pweza visubiri.
- Kukanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu.
- Kupumzisha taya: midomo ifungwe, meno yasigusane.
- Kutibu meno mabovu, ili mtu asitafune upande mmoja tu.
- Parasetamo kwa kipimo sahihi. Ibuprofeni isitumiwe ovyo, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo.

5. Asiyepaswa kusubiri

Mpelekeni hospitali mara moja mtu ambaye taya limekaza baada ya kupata jeraha, kwani huenda ni pepopunda. Mwenye uvimbe na homa. Na mwenye maumivu ya taya pamoja na kifua kubana. Mtoto mwenye uvimbe wa taya apimwe mapema, kwa kuwa baadhi ya saratani za watoto huanzia hapo na hutibika zikiwahiwa.

Kwa hiyo tunashauri kwamba fedha za mfuko zitumike kwanza kwa nauli na uchunguzi wa daktari wa kinywa na meno. Wafadhili wanaotaka kutuma makopo watasaidia zaidi wakichangia safari hiyo.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika usharika wetu, nani ana maumivu ya muda mrefu na hajaonwa na daktari?
2. Nauli ya kwenda na kurudi hospitali ni kiasi gani, ikilinganishwa na bei ya kopo moja?
3. Tutamjibuje kwa upendo muumini anayeuza virutubisho baada ya ibada?