KIVULI NA HARI KATIKA UWANJA WA TENISI

Katika pembe ya kusini-mashariki ya bara la Australia uko mji mkubwa uitwao Melbourne. Kati ya mji huo hupita mto Yarra, na kando ya mto viko viwanja vingi vya mchezo wa tenisi, navyo kwa jumla huitwa Melbourne Park. Kila mwaka, mwezi wa Januari, wachezaji walio hodari kupita wote duniani hukusanyika pale kushindana, na watazamaji huja kwa maelfu na maelfu. Mashindano haya ni ya zamani, maana yalianza mwaka 1905.

Msomaji akumbuke jambo moja. Mwezi wa Januari katika nchi za Ulaya ni mwezi wa baridi kali, bali katika Australia ni katikati ya majira ya joto. Siku nyingine huwa za kupendeza, joto lisipite digrii 25. Lakini siku nyingine upepo huvuma kutoka kaskazini, na hapo mambo hugeuka. Kaskazini ya Melbourne hakuna bahari, ila nchi kavu, nyika na jangwa, mwendo wa siku nyingi. Upepo upitao juu ya nchi ile hufika mjini umekauka, una moto kama ule utokao mlangoni mwa tanuu. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki huijua kaskazi, nao wajua ya kuwa ndiyo iletayo hari; walakini kaskazi yao imepita juu ya bahari, ina unyevu ndani yake, bali ile ya Melbourne ni kavu kabisa.

Mwaka 2014 upepo huo ulikaa. Tangu tarehe 14 hata tarehe 17 ya Januari, siku nne mfululizo, joto lilipita digrii 41, na siku mbili za mwisho lilikaribia 44. Mashindano yalikuwa yamekwisha anza. Siku ya kwanza ya hari ile Frank Dancevic, mchezaji wa Canada, alikuwa akicheza katika kiwanja kisicho na paa. Kichwa kikaanza kumzunguka, akaona mbele yake mbwa Snoopy, yule wa picha za kuchekesha, ambaye hakuwapo. Kisha akaanguka akazimia. Alipozinduka alisimama akaumaliza mchezo wake, naye alishindwa. Siku iyo hiyo kijana mmoja wa kuokota mipira alianguka vilevile. Caroline Wozniacki wa Denmark alieleza ya kuwa aliiweka chupa yake ya maji chini, na kitako cha chupa kikaanza kuyeyuka. Ikiwa chupa iliyeyuka, msomaji na afikiri hali ya nyayo za mchezaji.

Sababu ya mambo hayo si ngumu kufahamu. Mwili wa mtu mzima wa afya una joto lake, kadiri ya digrii 37, nao hautaki lizidi wala lipungue. Mtu akimbiapo, viungo vyake hufanya joto jingi, kama moto uliochochewa kuni, na joto hilo halina budi kutoka. Hewa ikiwa na ubaridi kuliko ngozi, hulichukua yenyewe. Lakini hewa ikifika digrii 40, njia hiyo imefungwa. Tena imegeuzwa, maana sasa hewa ndiyo impayo mtu joto. Imebaki njia ya jasho peke yake. Wengi hudhani ya kuwa jasho lapoza kwa sababu ni maji. Sivyo. Jasho hupoza linapokauka, kwa kuwa maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la ngozi na kwenda nalo. Jasho lidondokalo chini halifai kitu. Mwanafunzi aweza kujaribu neno hili mwenyewe: na aulowanishe mkono mmoja kwa maji, auache wa pili mkavu, kisha aipunge yote miwili hewani. Mkono upi umepata baridi?

Kwa hiyo siku ya hari kuu kujipepea kwa kipepeo peke yake hakutoshi. Mtu mkavu anayejipepea katika hewa ya digrii 43 ajiletea joto. Na alowanishe kwanza uso, shingo na mikono, ndipo ajipepee. Wachezaji wa Melbourne wafanya vivyo hivyo: kila wabadilishapo upande hukaa kitini muda mfupi, wakatiwa shingoni taulo lililokunjwa na barafu ndani yake.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Joto litangazwalo kwa watu, yaani hizo digrii 41 au 43, hupimwa kivulini. Kipima-joto huwekwa ndani ya kijumba cheupe chenye matundu, hewa ipite na jua lisiingie. Mtu aliyesimama juani hupata joto hilo, na juu yake apata ukali wa jua lenyewe, na tena joto litokalo chini. Hapo zamani, mpaka mwaka 1987, mashindano haya yalichezwa juu ya majani mabichi, na majani hayashiki moto sana. Tangu mwaka 1988, mashindano yalipohamia mahali pake pa sasa, huchezwa juu ya sakafu ngumu iliyopakwa rangi, nayo hulimeza jua tangu asubuhi na kulirudisha miguuni mwa wachezaji mchana kutwa. Labda ni sakafu nzuri kwa mpira. Kwa miguu ni adui.

Basi, mtazamaji afanyeje? Yeye hakimbii kama mchezaji, lakini hukaa saa nyingi mahali pamoja, na kukaa juani pasipo kwenda huwadanganya watu. Huona hawafanyi kazi, kumbe mwili unafanya kazi kubwa. Siku zile za 2014 watazamaji wengi walihitaji kusaidiwa na waganga, nao walikuwa wamekaa tu.

Neno la kwanza ni kujua kivuli kitakuwa wapi, si kiko wapi sasa. Mtu afikaye saa tano asubuhi, mchezo unapoanza, akachagua kiti penye kivuli kizuri, huenda baada ya saa mbili akajikuta juani, na viti vya kivulini vimekwisha jaa. Hapa elimu ya jiografia yafaa kuliko nguvu. Mtoto wa Dar es Salaam akisimama adhuhuri katika mwezi wa Januari huona kivuli chake kifupi kikielekea kaskazini, kwa maana jua la Januari limepita kusini ya mji wake. Melbourne iko kusini zaidi kuliko jua lifikapo. Kwa hiyo mtu wa kule huliona jua la adhuhuri upande wa kaskazini, na kivuli chake huelekea kusini. Hakuna siku hata moja ya mwaka ambayo jua la adhuhuri husimama juu ya utosi wake.

Katika mashindano, jua la adhuhuri liko juu sana, ijapokuwa si utosini. Ukuta wenye urefu wa meta 3 hutoa kivuli cha kadiri ya meta 1 tu, upande wa kusini. Baada ya saa tatu, ukuta uo huo hutoa kivuli kipatacho karibu meta 3, nacho sasa huelekea mashariki. Tena saa za Melbourne husogezwa mbele saa moja wakati wa majira ya joto, hata jua hufika kilele si saa sita bali saa saba u nusu hivi, na kuchwa halichwi mpaka imekwisha pita saa mbili ya usiku. Mgeni atokaye nchi za ikweta, aliyezoea jua kuchwa saa kumi na mbili, hustaajabu sana. Hudhani ya kuwa saa tisa hari imeanza kupungua, kumbe ndipo inapozidi, maana hewa na mawe vingali vikiongeza joto mpaka saa kumi au kumi na moja.

Viwanja vya tenisi kwa desturi hulazwa toka kaskazini hata kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisimpige mchezaji machoni. Kwa hiyo majukwaa ya watazamaji yana pande zake zijulikanazo. Akaaye upande wa magharibi, jua la alasiri liko nyuma yake. Kama jukwaa lina paa au ukuta mrefu, kivuli humfikia yeye kwanza, kisha hutambaa polepole mpaka uwanjani. Akaaye upande wa mashariki hutazamana na jua mpaka jioni, amekunja uso, mpira haoni vizuri. Wakati wa adhuhuri mwisho wa kaskazini ndio ulio bora. Mtu mwenye akili hutazama jua mara moja, na ukuta mara moja, ndipo akaketi.

Vivuli navyo havilingani. Kivuli cha bati au cha turubai lililotandwa chini sana chaweza kuwa chumba cha moto, kwa maana kitu kile hupata joto na kulitelemsha juu ya watu walio chini yake. Kivuli cha mti ni kingine kabisa. Majani ya mti hutoa mvuke, kama vile mtu atoavyo jasho, na kwa hiyo hayashiki joto kama bati. Tena hewa hupita kati yake. Chini ya mti penye nyasi ni pema kuliko chini ya mti penye saruji. Karibu na viwanja vile, ukingoni mwa mto Yarra, iko bustani iitwayo Birrarung Marr yenye miti na majani, na mtu aweza kupumzika huko kati ya mchezo na mchezo. Wako watu waonao kwamba kutoka ni kupoteza fedha ya tiketi yao. Hesabu hiyo si nzuri; aangukaye saa tisa hataona mchezo wa saa kumi.

Juu ya mavazi maneno ni machache: nguo nyeupe au za rangi hafifu, pana, zisizobana, na chepeo chenye ukingo mpana kifunikacho masikio na shingo. Vijana waokotao mipira huvaa chepeo zenye kitambaa cha kufunika kisogo. Wazee wa pwani waliovaa kanzu nyeupe miaka mamia hawakuhitaji kufundishwa.

Maji yataka maneno zaidi. Mtu asingoje kiu. Anywe kidogo kidogo, mara kwa mara, tangu asubuhi. Jasho halitoi maji tu, hutoa na chumvi, kama ulimi ujuavyo. Kwa hiyo atokaye jasho jingi kutwa nzima hana budi kula chakula chenye chumvi pia, maana kunywa maji mengi mno bila chumvi nako huleta ugonjwa. Vileo havifai siku kama hiyo.

Mtu akianza kupatwa na hari, dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukakamaa, na jasho jingi lenye ubaridi. Na apelekwe kivulini, alazwe, miguu iinuliwe kidogo, anyweshwe maji. Lakini akianza kusema ovyo, au kupepesuka, au kutomjua rafiki yake, na mwili wake ni moto sana, jambo limekuwa kubwa; joto la ndani huenda limepita digrii 40, na bila msaada aweza kufa. Hapo mmoja na akimbie kumwita mganga, na wengine wasimngoje. Wamwondolee nguo za juu, wammwagie maji mwili mzima na kumpepea, wamwekee barafu shingoni na makwapani kama iko. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, maji yasije yakaingia pafuni.

Wakuu wa mashindano nao walijifunza. Tarehe 16 Januari 2014 waliusimamisha mchezo katika viwanja visivyo na paa. Lakini kanuni ya wakati ule ilisema ya kuwa seti iliyokwisha anza lazima imalizwe kabla ya kufunga paa la kiwanja kikubwa, Rod Laver Arena. Maria Sharapova wa Urusi na Karin Knapp wa Italia walikuwa wamekwisha anza seti ya tatu, nao wakaendelea chini ya jua lile, michezo 18, mpaka Sharapova aliposhinda kwa 10 na 8. Watu wengi waliona ya kuwa kanuni hiyo haikuwa na huruma, na ni vigumu kuwapinga.

Mwaka 2019 iliwekwa kanuni mpya. Sasa hupimwa mambo manne pamoja: joto la hewa kivulini, ukali wa jua, unyevu, na nguvu ya upepo. Kutokana na hayo hutolewa hesabu moja, tangu 1 mpaka 5. Ikifika 4, wachezaji wa mmoja mmoja huongezewa mapumziko ya dakika 10 kabla ya seti ya mwisho kwa wanawake, na kabla ya seti ya nne kwa wanaume. Ikifika 5, mchezo husimama katika viwanja vya wazi, na vile vyenye paa hufungwa.

Kuhusu hari yenyewe, watu wa Melbourne huingojea imalizwe na upepo wa kusini, utokao katika bahari kuu iliyo baridi. Huja ghafula. Bendera zilizokuwa zikielekea kusini hulegea, kisha hugeuka upande wa pili, na kwa muda mfupi joto laweza kushuka digrii 15 au zaidi. Watu waliokuwa wakijimwagia maji hutafuta makoti yao, na mtu aliyekaa upande wa mashariki, aliyechomwa na jua mchana kutwa, hutetemeka.