SOMO LA USHONAJI: KUFICHA NCHA FUPI ZA UZI KATIKA MFARISHI



Mfarishi ni vitambaa viwili na pamba katikati, vilivyoshikizwa pamoja kwa mishono mingi midogo. Si kazi ya siku moja. Aghalabu mama huishona kwa majuma mengi, jioni baada ya shughuli za nyumbani. Kwa hiyo inasikitisha sana kuona mfarishi kama huo ukifumuka baada ya kufuliwa mara mbili tatu. Mara nyingi uzi ulikuwa mzuri na mishono ilikuwa mizuri. Kosa lilikuwa mwishoni: mshonaji alikata uzi karibu kabisa na kitambaa, kazi ikaonekana safi, akadhani amemaliza.

Basi neno la kushika katika somo hili ni moja: ncha iliyokatwa haijafichwa. Ncha iliyofichwa ni ile iliyolala ndani ya pamba.

Kwa nini tujali?

Mfarishi unapofuliwa na kukamuliwa, kitambaa huvutwa huku na huku. Ncha fupi isiyoshikwa na kitu huteleza. Leo mshono mmoja unaachia, kesho wa pili, na baada ya muda mstari mzima umefunguka na pamba inakusanyika upande mmoja.

Kama mfarishi ni wa mtoto mchanga, kuna hatari kubwa zaidi. Uzi unaoning'inia waweza kujizungusha kwenye kidole cha mkono au cha mguu na kukaza mpaka damu isipite. Mtoto hulia, wala watu hawajui sababu, maana uzi ni mwembamba na kidole kimevimba juu yake. Usipoonekana mapema, kidole chaweza kupotea.

Wenye kuishi kwa kazi hii walijua umuhimu wa jambo hili. Katika Uingereza, mwaka 1928, shirika la Rural Industries Bureau lilianza mpango wa kuwasaidia washonaji wa Durham na wa kusini ya Wales, sehemu za migodi ya makaa ya mawe ambako kazi ilikuwa imepungua. Mifarishi yao iliuzwa hata London. Mingi ilikuwa ya kitambaa kizima bila viraka, na upande wo wote uliweza kuwekwa juu. Mfarishi wa namna hiyo hauna upande wa kuficha ncha. Hapana budi zote zilale katikati.

Kuanza na kumaliza

1. Kata uzi usiozidi sentimita 45, ufunge fundo dogo. Chomeka sindano katika kitambaa cha juu, kama sentimita 2 au 3 kutoka pale unapotaka kuanza. Ipitishe katika pamba bila kutoboa kitambaa cha chini, itokee pale pa kuanzia. Vuta mpaka fundo liguse kitambaa, kisha vuta ghafla lakini kwa kiasi. Fundo litapenya na kukaa ndani ya pamba.

2. Uzi ukibaki sentimita 15, simama. Usijaribu kushona mpaka tone la mwisho, maana hapo ndipo ncha fupi huzaliwa. Funga fundo dogo karibu na kitambaa, chomeka sindano katika tundu lile lile uzi ulimotokea, ipitishe katika pamba, itokee sentimita 3 mbele. Vuta fundo liingie. Kaza uzi kidogo, ukate sawa na kitambaa. Ncha itarudi ndani yenyewe.

Ncha ikiwa fupi tayari

Hata mtu mwangalifu huenda akabaki na ncha ya sentimita 2, isiyofika kwenye tundu la sindano. Kuna njia nne.

(a) Sindano kwanza, uzi baadaye. Chomeka sindano tupu pale uzi unapotokea, uipitishe katika pamba mpaka ncha yake kali itokee mbele, lakini tundu lake libaki nje, karibu na uzi. Sasa tunga ile ncha fupi katika tundu, kisha vuta sindano itoke. Ncha itaingia pamoja nayo.

(b) Kitanzi. Kunja kipande cha uzi imara, upitishe miisho yake miwili pamoja katika tundu la sindano, ili nyuma kibaki kitanzi kirefu. Chomeka sindano pale penye ncha, itokee sentimita 3 mbele, lakini kitanzi kibaki nje. Ingiza ncha fupi katika kitanzi, kisha shika ile miisho miwili na kuvuta. Kitanzi kitaizamisha ncha ndani.

(c) Sindano yenye mpasuko. Ziko sindano zilizopasuliwa juu ya tundu, na uzi huingia kwa kubanwa tu. Hufaa kwa ncha fupi na kwa wale ambao macho yamechoka. Zitumie kumalizia, si kushona kazi yote, kwa sababu mpasuko hukwaruza uzi.

(d) Kufumua. Ncha ikiwa chini ya sentimita 1, usiivute kwa nguvu, kitambaa kitajikunja. Fumua mishono mitatu au minne nyuma upate uzi wa kutosha, uufiche, kisha anza uzi mpya katika matundu yale yale.

Wanaotumia cherehani

Usikate uzi mfupi kwenye mguu wa cherehani. Mwanzoni shika uzi wa juu, zungusha gurudumu kwa mkono mshono mmoja, vuta uzi wa chini utokee juu. Acha nyuzi zote mbili kama sentimita 12. Mwishoni fanya vivyo hivyo. Kisha zifunge pamoja, zitunge katika sindano moja, uzizamishe.

Angalia na rangi pia. Uzi mweusi chini ya kitambaa cheupe huonekana kama mshipa. Uelekeze chini ya kiraka cheusi au uulaze kando ya mshono.

Kazi ya nyumbani

Chukua vipande viwili vya kanga ya zamani, sentimita 20 kila upande, na pamba kidogo katikati. Shona mistari minne, kila mmoja uache ncha ya sentimita 2. Ficha kila ncha kwa njia yake. Kwa ile ya nne fumua. Kifue, ukikamue, ukianike. Kisha pitisha vidole juu na chini. Kisipokwama kitu, umeelewa somo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini kukata uzi karibu na kitambaa hakutoshi?
2. Uzi ukibaki urefu gani yafaa kusimama?
3. Kabla ya kumpa mzazi mfarishi wa mtoto, tukague nini, na upande gani?